Viziwi wana historia gani? Jibu kwa binti wa Likoni

Swali

"Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Likoni, nafundisha watoto wa darasa la tatu. Kakangu mkubwa ni kiziwi tangu akiwa na miaka minne, alipougua homa ya uti wa mgongo. Sasa ni fundi seremala, ana karakana yake. Wenzake wamemwalika kwenye kongamano la siku mbili la historia ya viziwi katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, naye ameniomba niandamane naye. Najua zile ishara zetu za nyumbani na chache za KSL alizonifunza yeye. Je, nikae kando yake nimtafsirie? Nijiweke vipi nisije nikamwaibisha? Halafu kuna neno la babangu. Aliposikia habari hii aliuliza, 'Viziwi wana historia gani ya kukaliwa kitako siku mbili?' Nilinyamaza, sikuwa na la kumjibu."

Jibu

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nitaanza na babako, kwa sababu swali lake ni kubwa kuliko yote uliyoniuliza, wala simlaumu kwa kuuliza. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, wazazi wangu wote wawili viziwi. Ishara nilizijua kabla ya kujua kutamka, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa ukalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, hiyo KSL. Swali la babako nimelisikia kwa majirani, kwa maafisa, hata kwa walimu wa historia. Wengi hawana nia mbaya. Wanaona uziwi ni jambo la sikio, na sikio likiharibika hupelekwa kwa daktari, basi habari imekwisha.

Mwambie babako aanze na neno lenyewe: ishara. Neno hilo lilitujia na Kiarabu, na katika vitabu vya fikihi lina mlango wake. Wanazuoni walijadiliana karne kwa karne: mtu asiyeweza kutamka akiuza, akinunua, akioa au akiacha, kauli yake ni ipi? Wakasema ishara yake inayofahamika ndiyo kauli yake. Dola ya Uthmani ilipokusanya sheria zake katika Mecelle, kati ya 1869 na 1876, kanuni hiyo ikawekwa kuwa kifungu cha 70: ishara zinazojulikana za asiyesema ni sawa na maneno ya ulimi. Na kwenye kasri la Istanbul, tangu karne ya 16, kulikuwa na watumishi viziwi karibu kabisa na sultani. Kupayuka mbele yake kulihesabiwa utovu wa adabu, kwa hivyo ishara za viziwi zikawa lugha ya barazani, na wenye masikio mazima wakalazimika kujifunza.

Jambo hili nimelikuta nyumbani kwetu kabla ya kulisoma popote. Babangu alipomwoa mamangu mwaka 1976, sheikh aliyefungisha nikaha alimwita ami yangu kando, akamwomba amwonyeshe ishara ya "nimekubali". Akaifanya mara mbili tatu mpaka mkono ukamkubali. Kisha akarudi kitini, akamuuliza babangu kwa mkono wake mwenyewe, na baba akajibu kwa wake. Nyanya alikuwa akinisimulia kwamba sheikh aliwageukia mashahidi, na badala ya kusema "Mmesikia," akasema "Mmeona." Babako akitaka mfano wa historia ya viziwi, huo ni wa mtaa wa pili kutoka Ngome ya Yesu.

Lakini kongamanoni hawataanzia hapo. Kwa kawaida huanzia Paris, kwa hivyo nikupe majina mapema, maana kule yatapita kwa tahajia ya vidole, herufi moja moja zikiundwa kwa mkono, na vidole huenda mbio.

Kuna kasisi anayeitwa Charles-Michel de l'Épée, aliyeanza kufundisha watoto viziwi mjini Paris mnamo 1760. Utasikia akisifiwa kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga lugha ya ishara. Si yeye. Mwaka 1779 kiziwi mmoja wa mji huohuo, Pierre Desloges, aliandika kijitabu akaeleza kwamba viziwi wa Paris walikuwa na lugha yao tayari, wakizungumza mambo yote ya mji, bila ya kufundishwa na mtu. Desloges hakuwa mwanachuo. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kubandika karatasi za ukutani. Mtajie kakako jina hilo kabla hamjatoka nyumbani. Fundi kama yeye ndiye aliyewajibu wasomi.

Katika shule ya Paris akatoka Laurent Clerc, kiziwi, akawa mwalimu. Mwaka 1816 alipanda meli kwenda Marekani pamoja na Thomas Hopkins Gallaudet, Mmarekani mwenye kusikia. Huku meli ikienda, Clerc alimfunza Gallaudet ishara, na Gallaudet akamfunza Clerc Kiingereza. Mwaka 1817 wakafungua shule ya viziwi mjini Hartford. Ndiyo sababu ishara za Marekani ni ndugu wa ishara za Ufaransa, na kiziwi wa Marekani akikutana na kiziwi wa Uingereza hawaelewani, ingawa majirani zao wenye kusikia wanasema Kiingereza kilekile. Nasi tuna mfano wetu. Akija mgeni kiziwi kutoka Tanga au Dar es Salaam, usidhani kwa kuwa sote ni Waswahili basi yeye na kakako wana lugha moja. Kule wana Lugha ya Alama ya Tanzania, nayo ina njia yake. Shule yao ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Watapatana, kwa sababu viziwi ni hodari wa kukutana katikati kuliko sisi, ila itachukua robo saa ya kujaribu.

Kisha watafika Milan, na hapo utaona nyuso zikibadilika. Mwezi Septemba 1880 walimu wa viziwi walikutana katika mji huo wa Italia kuamua watoto wafundishwe kwa njia gani. Wajumbe walikuwa 164. Kiziwi alikuwa mmoja tu, Mmarekani James Denison. Wakapiga kura kwamba kusema kwa mdomo ni bora kuliko ishara, na kwamba ishara ziondolewe madarasani. Walimu viziwi wakapoteza kazi nchi baada ya nchi, kwa kuwa kiziwi angewezaje kufundisha watoto kutamka? Watoto wakakalishwa juu ya mikono yao. Fikiria wewe mwalimu: umpe mtoto wa darasa la tatu hesabu, kisha umtake akusome midomo akiwa dawati la nyuma.

Wimbi la Milan lilichukua miaka themanini kufika kwetu, lakini lilifika. Shule za mwanzo za viziwi nchini, kama Mumias na Nyang'oma zilizoanza 1961, zilifunguliwa wakati dunia bado iliamini njia ya mdomo. Mamangu alipelekwa bweni bara, katikati ya miaka ya 1960, katika shule ambayo sitaitaja. Darasani akiinua mkono kusema na mwenzake alipigwa rula ya mbao kwenye vifundo vya vidole. Usiku taa zikizimwa, wasichana walisogeza vitanda karibu na dirisha, wakazungumza kwa mbalamwezi. Mama alikuwa akiziita siku za mwezi mchanga "siku za njaa". Mtoto wa Pwani, wa Magharibi, wa Mlima Kenya, kila mmoja alikuja na ishara za kwao, zikachanganyikana mle mle mabwenini. KSL ninayoifanyia kazi leo ililelewa pale, usiku, na watoto walioadhibiwa mchana kwa ajili yake. Serikali haikukubali mikono darasani mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980, na hata hapo ishara zilipangwa kwa kufuata sentensi za Kiingereza neno kwa neno. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa utafiti wa KSL mwaka 1991, nao ndio uliosaidia kuonyesha kwamba hii ni lugha yenye sarufi yake.

Wanaisimu walikuwa wameanza kulisema hilo mapema. William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington, alichapisha mwaka 1960 kwamba ishara zina viungo vyake kama maneno yalivyo na sauti: umbo la mkono, mahali pake, na mwendo wake. Walimcheka, hata wenzake chuoni. Halafu dunia ikapata ushahidi kutoka Nikaragua. Shule ilipofunguliwa Managua mwaka 1977, watoto viziwi waliofika hawakuwa na lugha ya pamoja. Kila mmoja alikuwa na ishara za nyumbani kwao tu, kama zenu wewe na kakako. Hakuna aliyewafundisha ishara. Wakajitungia lugha wao wenyewe uwanjani na ndani ya basi, na wadogo waliokuja nyuma wakaifanya kuwa na sarufi iliyokaza kuliko ya wakubwa. Mama aliposimuliwa habari hiyo hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Sisi pia."

Sasa angalia mwaka 2010, ambao mimi naushika kama watu wanavyoshika mwaka wa kuzaliwa mtoto. Julai ya mwaka huo, mjini Vancouver, kongamano lilelile la walimu wa viziwi lililozaa azimio la Milan liliyakataa maazimio hayo na kujutia madhara yake. Ilikuwa imepita miaka 130. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Agosti, Kenya ikatangaza katiba mpya. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Tatu. Mamangu alikuwa hai. Nilimsomea kifungu hicho kwa ishara sebuleni, akaniambia nirudie, nikarudia, akatazama vidole vyake muda mrefu.

Hayo mpe babako, na akikuuliza tena siku mbili ni za nini, mwambie hazitoshi. Hatujagusa Ujerumani ya mwaka 1933, ilipotungwa sheria iliyowafanya maelfu ya viziwi wakatwe kizazi kwa nguvu. Hatujagusa Machi 1988, wanafunzi wa Gallaudet walipofunga milango ya chuo chao kwa wiki nzima mpaka kikapata mkuu kiziwi, I. King Jordan, baada ya miaka 124 ya kuongozwa na wenye kusikia. Chuo hichohicho mwaka 1991 kilikuwa mwenyeji wa kongamano la kwanza la kimataifa la historia ya viziwi, kwa hivyo huu mwaliko wa kakako una ukoo wake.

Ila kuna mtu mmoja sitaki mrudi Likoni bila ya kumjua, nacho kitu kinachomuunganisha na kakako ni maradhi. Andrew Foster alizaliwa Alabama mwaka 1925, Mmarekani mweusi, mtoto wa mchimba makaa. Akiwa na miaka 11 aliugua homa ya uti wa mgongo akawa kiziwi. Mwaka 1954 akawa mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet. Mwaka 1957 alikuja Ghana akafungua shule ya viziwi, na mpaka alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika. Mimi nampenda Foster. Hata hivyo kuna swali ambalo watu hulikwepa wanapomsifu: alikuja na ishara za Marekani, na Afrika haikuwa tupu. Ghana hiyohiyo kuna kijiji cha Adamorobe, chenye viziwi wengi wa kuzaliwa kwa vizazi, na lugha yao ya ishara ni ya zamani kuliko shule yoyote. Ishara za mgeni zilipoingia, za wenyeji zilikwenda wapi? Kakako akitaka swali la kuinukia mbele ya watu, ampelekee mwasilishaji hilo.

Tuje kwenye swali lako la kwanza. Usimtafsirie kakako. Nalisema kwa uzito, mwanangu, wala si kwa kudharau ishara zako.

Nilikuwa na miaka 11. Mama alilazwa katika hospitali moja ya mji huu. Daktari aliingia, hakumtazama yeye, akanitazama mimi. Akasema, "Mwambie mamako mimba imetoka." Ishara ya mimba niliijua. Kutoka kwa maana ile sikukujua. Nikamwambia mama kwamba mtoto ametoka. Akatabasamu, akaniuliza yuko wapi.

Kongamano halina mauti ndani yake, lakini jambo ni lilelile: jamaa akifanywa daraja, mzigo unaangukia mabega yasiyoandaliwa, na anayeumia ni kiziwi. Mkalimani amesomea kazi hii. Hufanya kazi wawili wawili wakipokezana kila dakika 20 hivi, kwa sababu akili huchoka kabla ya mikono na makosa huanza kuingia bila yeye kujua. Amepewa mada mapema akajiandaa na majina ya watu na miji. Wewe ungekaa pale na ishara za jikoni, ukajaribu kubeba Mecelle na Milan, na kakako angepata robo ya mkutano wa kwake mwenyewe. Tena mbele ya rafiki zake angeonekana mtu mzima aliyeletwa na mlezi. Yeye amekuomba uandamane naye. Hakukuomba umsemee.

Kwa hivyo wiki hii andikieni waandalizi, nyinyi wawili, kwa jina lake yeye. Waulizeni kama kuna wakalimani wa KSL na ni wangapi kwa siku. Akitajwa mmoja wa kutwa nzima, semeni wazi kwamba hatoshi. Ulizeni kama watawasilisha viziwi wenyewe kwa KSL, na wenye kusikia watafasiriwa kwa sauti. Kongamano la historia ya viziwi ambalo wasemaji wote wana masikio ni Milan nyingine ndogo, na wana haki ya kuambiwa hivyo kwa heshima. Ombeni mada zifike kwa wakalimani siku kadhaa kabla. Na jambo la kushikilia: asubuhi ya kongamano, mkalimani akichelewa, kuna mtu atakuona unapunga mikono na kakako, atakuja na tabasamu, "Dada, hebu tusaidie kidogo." Kataa. Mimi nilikubali nikiwa na miaka 19, katika ukumbi wa chuo ambacho nacho sitakitaja, na "kidogo" ikawa saa tano. Waliokuwa wamekaa mbele yangu walinivumilia kwa upole ambao mpaka leo unanichoma. Ukikataa, mwandalizi atalazimika kusimama aahirishe kikao, na mwaka ujao atamlipa mkalimani wa pili.

Kukaa: yeye akae mbele, pale pa kumwona mkalimani na skrini kwa mstari mmoja. Wewe kaa popote, hata nyuma yake. Mtu akizima taa ili picha za skrini zionekane vizuri, mkalimani hupotea gizani na viziwi wote huwa wamefungiwa mlango. Ikitokea, inuka ukawashe. Hiyo ndiyo mara moja ninayokuruhusu uingilie kati.

Adabu nyingine utazishika upesi. Ukitaka kumwita mtu mguse begani au mpungie mkono. Ukumbi mzima huitwa kwa kuwasha na kuzima taa. Ukisema na kiziwi kupitia mkalimani, mtazame kiziwi. Watu wawili wakizungumza kwa ishara na njia iko katikati yao, pita tu haraka. Ukisimama kuomba radhi ndipo unapowakata. Mwasilishaji akionyesha maandishi mengi kisha akaendelea kusema, jua kiziwi hana macho manne, ama asome ama amtazame mkalimani; wewe mwalimu utalibeba hilo hata darasani kwako. Maneno ya mkalimani hufika yakiwa nyuma kidogo, basi usishangae kakako akicheka wenzio wakiwa wamemaliza kucheka. Makofi ni mikono iliyoinuliwa na kutikiswa hewani. Na lile neno "bubu" liache vitabuni, pale lilipoandikwa zamani. Ukumbini sema viziwi, ndivyo wanavyojiita.

Utatambulishwa, na mtu atakuuliza jina lako la ishara. Huwa hulijitungii. Viziwi hukupa wao, wakishakujua, kwa jambo walilokuona nalo: kovu, ushungi unavyoufunga, namna unavyocheka. Kama kakako hajakupa, huenda siku hizo mbili ndizo atakazokupa. Pokea utakalopewa.

Chakula cha mchana ndipo kongamano hasa linapofanyika. Meza za viziwi huwa za duara ili kila mtu aone mikono ya kila mtu, na kula kunachukua muda mrefu kwa kuwa mkono ulioshika mahamri hauwezi kusema. Utakuwa mgeni hapo, mwenye kusikia peke yako, usiyefuata nusu ya maneno. Usikimbilie meza ya wenye kusikia. Saa moja hiyo ya kutoelewa, kakako ameiishi kwenye kila karamu ya ukoo wenu tangu akiwa na miaka minne.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Nendeni na kitu kutoka nyumbani.

Viziwi wa Pwani wa kabla ya shule hawakuandikwa. Walikuwepo: wavuvi, washona kofia, wanawake waliosuka mikeka, wachukuzi wa bandarini. Leo Ziwani hapa Mombasa, Kibarani kule Kilifi, na Kwale kuna shule za viziwi na watoto wana majina kwenye madaftari. Watahiniwa viziwi wana mtihani wao wa KSL mahali pa Kiswahili. Lakini huyo mzee kiziwi wa Mtongwe aliyekuwa akitengeneza mitego mwaka 1950 na mji mzima ukamwelewa, ishara zake ziko wapi? Ziko kwenye kumbukumbu ya nyanya fulani, na nyanya wenyewe wanapungua. Ulizeni nyumbani. Muulize hata babako, maana wanaouliza kwa ukali mara nyingi ndio waliocheza na jirani kiziwi utotoni. Mkipata picha ya zamani, au ripoti ya shule ya kakako, au jina la mtu na kazi yake, pelekeni.

Na zile ishara zenu za nyumbani ambazo huenda unazionea haya, hizo ndizo mtafiti mwenye busara atataka kuziona kwanza. Kwetu tulikuwa na ishara ya Nyanya: kidole kikichora ukingo wa buibui usoni, kisha kugonga jino la pembeni, kwa ajili ya jino lake la dhahabu. Amefariki, buibui la aina ile halivaliwi tena, na ishara ingalipo kwa sababu mimi na ndugu zangu tunaifanya. Mwaka 1913 George Veditz, kiziwi wa Marekani aliyewahi kuongoza chama cha viziwi cha nchi yake, alisimama mbele ya kamera ya filamu akaitetea lugha ya ishara kwa ishara, akihofia itakufa. Filamu hiyo ipo hadi leo, na mikono yake inasomeka. Wewe una simu. Ilaze kwa upana, ikae juu ya kitu isitikisike, mwanga umwangukie usoni msemaji wala usitoke nyuma yake, avae nguo isiyo na maua, na mikono isikatwe na ukingo wa picha hata akiinyoosha. Omba ruhusa kabla, na uulize kama anakubali wengine waione; kwa kiziwi uso na sauti ni kitu kimoja, hawezi kufichwa jina akabaki na maneno yake. Kisha usimsaidie kusimulia. Kakako aeleze mwenyewe zile siku za homa, bweni, na namna alivyojifunza randa na msumeno kwa fundi asiyejua ishara hata moja. Yeye ndiye shahidi.

Neno la mwisho ni la safari. Viziwi hawaagani upesi. Ukumbi utafungwa, mtasogea kwenye ngazi. Ngazi zitazimwa taa, mtasogea getini chini ya mlingoti wa umeme, na hapo ndipo hadithi nzuri huanza, kwa sababu miaka mingi iliyopita watu hawa hawakuwa na simu za picha, na kila kuonana kulikuwa na hofu ya kutoonana tena. Utakuwa umechoka, utatazama saa, utataka kumvuta shati. Usimharakishe. Feri inavuka usiku kucha.